Ncha Upande wa Shavu

Asubuhi ya mtihani niliamka kabla ya majogoo wote wa Kismayu, na majogoo wa Kismayu si wavivu. Nilikoga mara mbili. Nilipiga pasi buibui ambalo tayari lilikuwa limepigwa pasi. Nilikula nusu ya mkate, nusu nyingine nikaisahau mkononi mpaka njia ya bandarini, ambako mbuzi mmoja alinikumbusha. Kama furaha ingekuwa na uzito, barabara ile ingebonyea chini yangu na malori yangenilaumu mpaka leo.

Mimi ni fundi wa meno. Si daktari. Daktari ndiye anayeingiza mkono mdomoni mwa mtu. Mimi kazi yangu ni taya zisizo na mwenyewe. Mtu akikosa gego, daktari humchukua kipimo, kipimo huletwa kwenye karakana iliyo nyuma ya kliniki, na sisi tulio kule nyuma humtengenezea jingine kwa plasta na nta bila hata kumwona sura. Nusu ya mji huu nawajua kwa meno yao tu. Nikikutana nao sokoni siwatambui mpaka wacheke, na wakicheka wanabaki wakijiuliza huyu mwanamke wa Kibajuni anawakodolea midomo kwa nini.

Kazi hii niliingia kwa mlango wa hina. Nimezaliwa kisiwani Chovai, nikaja Kismayu kukaa na shangazi yangu, na kwa miaka kadhaa hakuna bibi harusi mtaani kwetu aliyetoka ndani bila mkono wangu kupita juu ya wake. Katika arusi moja, baba wa bibi harusi, mzee wa Kisomali mwenye karakana ya meno, alisimama akanitazama nikivuta mstari mmoja kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole bila kuinua mkono. Wengine walisifu maua. Yeye aliuliza kama mkono huo huwa unatetemeka. Nikamwambia hautetemeki hata nikiwa nalia, na hapo sikuongeza chumvi sana. Akaniambia ana darasa la jioni, baada ya magharibi, kwa watu wanaofanya kazi mchana.

Basi mimi ni mhitimu wa shule ya jioni, na jambo hili nalitaja hata pale ambapo sijaulizwa. Miaka miwili nilisoma kwenye meza ileile tuliyofanyia kazi mchana, umeme ukienda tukisoma kwa taa ya spiriti, ileile ya kuyeyushia nta. Mwalimu alifundisha kwa Kisomali, maana wanafunzi wote walikuwa wa Kisomali isipokuwa mimi, na mimi Kisomali nimekinyonya pamoja na maziwa. Kila kitu cha kazi nilikijua kwa Kisomali. Nta ilikuwa shamac. Gego, kisu, waya, vyote vilikuwa na majina yao ya Kisomali, na vikakaa kichwani mwangu hivyo hivyo, vimepangwa kama vyombo kabatini.

Kisha ikatoka amri. Kuanzia sasa, anayetengeneza jino litakaloingia mdomoni mwa mtu awe na cheti, na cheti hakipatikani kwa maneno, bali kwa mtihani wa vitendo mbele ya wasahihishaji. Asiye na cheti atakoroga plasta na kuosha vyombo, basi. Mwalimu wangu alinieleza hayo akiutazama ukuta, kwa sababu ananipenda. Nikipita, meza ya nta ni yangu. Nisipopita, itabidi amtafute fundi Mogadishu, amlete, ampe meza hiyo, na mimi nimchanganyie plasta. Tena wasahihishaji hawaji kila mwezi. Wanakuja pale njia, ndege na hali ya mji vinapokubaliana, na vitu hivyo vitatu havipendani. Mtihani uliofuata ungeweza kuwa baada ya mwaka, au miaka mitatu, au baada ya mimi kuhitaji meno yangu mwenyewe.

Fomu ya kujiandikisha iliuliza nataka kutahiniwa kwa lugha gani. Palikuwa na Kisomali, Kiingereza na Kiswahili. Darasa zima likaweka alama kwenye Kisomali. Mimi nikaweka kwenye Kiswahili.

Mwalimu aliniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri. Nikamwambia Kiswahili ni lugha ya bibi yangu na ya bibi yake, kwa nini nikodi nyumba wakati nina ya urithi? Jibu hilo nilikuwa nimeliandaa, na lilimpendeza kila aliyelisikia isipokuwa mama yangu. Mama, kutoka Chovai, alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kama safari ya Burgao. Kiini chake ni kwamba nyumba ya urithi ni kweli tunayo, lakini watu wa mjini wameigeuza milango.

Alikuwa na maana yake. Sisi Wabajuni penye t ya wengine mara nyingi tuna ch. Mtu kwetu ni mchu. Kwetu ni kwechu. Tatu ni chachu, na mgeni akitusikia tukihesabu samaki hudhani twapiga chafya. Kwa hiyo, wiki tatu kabla ya mtihani nilianza kujifunza Kiswahili cha redio, nikijikemea kila ch iliyonitoka na kuifanya t. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii iliyopita kipimo. Siku moja nilimwambia mama kwenye simu kwamba asubuhi nimekunywa tai ya tangawizi. Kisha akaniuliza kwa upole kama manyoya nilitoa kwanza.

Lakini nilikuwa tayari. Wallahi nilikuwa tayari kuliko wino wa cheti chenyewe.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa chumba kirefu karibu na bandari, chenye meza kumi na mbili na mapangaboi manne yaliyozimwa ili upepo usicheze na miale ya taa zetu. Joto lake lilikuwa la kuivisha mkate. Nta ikipata joto hilo huwa laini kama ahadi, kwa hiyo kila mtahiniwa alikuja na bakuli lake la barafu iliyonunuliwa kwa wauza samaki, na chumba chote kikanukia samaki changu. Mikono ya buibui langu niliibana kwa vibanio vya nguo, viwili kila upande, nisije nikaungua au kuchovya. Mwenzangu wa meza ya pili, mwanamke niliyesoma naye darasa la jioni, alinitazama akasema kwa Kisomali kwamba nimeanikwa, sasa kilichobaki ni kukauka.

Wasahihishaji walikuwa wawili. Mkuu wao alikuwa mwanamke wa Kisomali wa makamo, amevaa miwani mbili, moja machoni na moja juu ya kitambaa cha kichwa, na sijaona binadamu aliyetabasamu kwa ubahili kama yule. Wa pili alikuwa mzee wa Mombasa, mnene, mchangamfu, ndiye aliyeletwa kwa ajili ya Kiswahili. Na katika watahiniwa kumi na wawili, Kiswahili kilikuwa kimechaguliwa na mtu mmoja tu. Yaani mzee yule alipanda ndege kwa ajili yangu. Nilijiona kama waziri.

Alipofika mezani kwangu kunisalimu alisoma fomu, akaona nimezaliwa Chovai, uso ukamfunguka.

"Mchu wa kwechu," akasema.

Nilitaka kumbusu mkono. Akanieleza kwamba mkewe ni Mbajuni wa Chula, familia yake ilikimbilia Mombasa wakati wa vita, na kwamba kwa miaka mingi amesemwa kwa Kibajuni ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka sasa anaota kwacho. Nikacheka. Ile hofu yangu yote ya ch na t ikaondoka. Nikajiambia, mzee huyu ni mkwe wetu, ananijua kwa ndani, hata nikiteleza atanielewa.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, ingawa lilikuwa bado halijaanza kulia.

Siku ya kwanza tulimimina plasta, tukapinda waya, tukapanga meno ya juu na ya chini. Sina la kusimulia isipokuwa kwamba nilifanya vizuri sana, na kama hamniamini muulizeni mwenzangu wa meza ya pili, aliyekuwa akichungulia. Siku ya pili ilikuwa ya jaribio kubwa, lile ambalo mtu hawezi kupata cheti bila kulipita hata akifanya maajabu kwingine. Ni kuchonga gego la kwanza la chini kwa nta, kuanzia bonge tupu, kwa saa mbili.

Gego hilo ndilo mfalme wa mdomo. Kichwa chake kina ncha tano, yaani vile vilima vidogo vinavyotafuna chakula. Tatu ziko upande wa shavu, mbili upande wa ulimi, na katikati yake mna mabonde. Ncha moja ikizidi urefu unywele mmoja tu, mwenye jino hutafuna akiumia, anaacha nyama, anakonda, na familia inamtafutia mganga. Pembeni gego lina ukuta wenye kifua kidogo, ili chakula kiteleze kisije kikachoma ufizi. Nimechonga magego hayo mpaka nikaota nayo. Shangazi yangu aliwahi kukuta sabuni yake ya kuogea ina ncha tano.

Kanuni ya mtihani ilikuwa hii. Baada ya saa moja, msahihishaji hupita na kutoa neno moja kwa kila mtu, dosari moja ya kurekebisha. Kisha anaondoka. Sehemu kubwa ya alama ni kuona kama mtahiniwa amelisikia neno hilo na kulifanyia kazi, kwa sababu ndivyo kazi yetu ilivyo. Daktari hutuandikia mstari mmoja, na sisi hatumuoni mgonjwa.

Saa ya kwanza ilipotimia gego langu lilikuwa limesimama, kijani kama nta yetu ilivyo, linang'aa, zuri hata nilitaka kulivalisha. Mzee wa Mombasa akaliinua, akalizungusha kwenye mwanga wa dirisha, akavuta midomo kwa kuridhika. Akaandika kwenye karatasi yake, kisha akaniambia:

"Gego lako ni zuri, binti. Punguza ncha kidogo, upande wa shavu."

Akaenda zake.

Sasa sikilizeni. Kwa Kiswahili cha redio, ncha ni ncha. Kilele cha kitu, penye kuchoma. Mzee alikuwa ananiambia kilima kimoja cha upande wa shavu kimezidi urefu, nikikwangue kidogo. Kazi ya dakika mbili. Lakini kwetu Chovai, ile inayoitwa nta na watu wote, ya nyuki na ya mishumaa, sisi twaiita ncha. Na ncha yenyewe, ya sindano, ya kisu, ya mkuki, sisi twaiita nta. Maneno haya mawili yalikutana njiani zamani, yakabadilishana kofia, na kila moja likaenda kwa mwenzake.

Hayo yote nilikuwa nikiyajua. Ungeniamsha usingizini ungeambiwa. Ningelisikia neno hilo redioni, lisingenipoteza. Lakini huyu alikuwa mkwe wetu, aliyeniita mchu wa kwechu, anayeota kwa Kibajuni. Nilimsikia akisema ncha nikasema moyoni, ah, jamani, mzee amenihurumia, ananisemesha kwa lugha ya nyumbani nisipate taabu. Punguza ncha upande wa shavu. Punguza nta. Ukuta wa shavu una nta nyingi mno.

Nikautazama ukuta. Niliuona mzuri. Nikautazama tena, na jicho likiambiwa kuna kosa halikosi kuliona, nikaanza kuuona mnene. Nikashika kisu.

Na mimi nikiambiwa punguza, napunguza. Nilikwangua kwa upendo, kwa utiifu, kwa bidii ya shule ya jioni. Chembe za kijani zilianguka mezani kama majani ya mkunazi. Kile kifua kidogo kilichokuwa fahari ya gego langu kikaenda, ukuta ukawa bapa, kisha ukaingia ndani. Kila nilipotaka kusimama nilikumbuka kwamba neno hili ndilo lenye alama, nikaongeza mkwaruzo mmoja wa heshima. Nilipomaliza, jino lilikuwa kama mtu aliyefunga Ramadhani mbili mfululizo bila futari. Na juu yake, ncha ile ndefu ilikuwa imesimama vilevile, hata ilionekana ndefu zaidi, kama mnara ulioachwa baada ya mji kubomoka.

Mzee alipita akielekea meza nyingine, akatupa jicho, miguu ikamgomea.

"Binti, nilikwambia upunguze nini?"

"Ncha, maalim. Upande wa shavu."

"Na umepunguza nini?"

"Ncha."

Akaweka kidole kwenye ule ukuta uliokonda. "Hii ni nta."

Kidole chake kilikuwa ukutani, lakini sikio langu lilikuwa Chovai. Nikadhani amekosea mahali, kwa adabu nikamwonyesha kile kilele.

"La, maalim. Nta ndiyo hii."

Aliniangalia kwa huzuni ambayo sitaisahau. Mbele yake alimwona mtu aliyesoma miaka miwili, anashika kisu, ana vibanio vya nguo mikononi, na hajui kutofautisha nta na ncha ya jino. Ni sawa na kumkuta nahodha akiuliza maji ni yapi. Akainamisha kichwa, akaanza kuandika, na kalamu yake ilipogusa karatasi ndipo nilipoelewa. Nilielewa kwa mwili mzima. Nilimwona fundi wa Mogadishu akishuka kwenye gari na sanduku lake, akivuta kiti, akikaa kwenye meza ya nta.

Nikasema, "Maalim, usiandike kwanza. Mkeo huiitaje nta?"

Kalamu ikasimama. Wa meza ya pili naye akasimama, ingawa yeye hakuulizwa. Mzee akafikiri, akiwa bado amekunja uso. Halafu uso ukaanza kukunjuka taratibu kutoka kwenye paji. Akaweka karatasi chini, akafunika macho kwa mkono, na tumbo lake likaanza kutikisika.

Alisimulia akicheka. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mkewe alikuwa akishona, akamwambia aende dukani, nta ya sindano imepinda. Mumewe mwema akaenda duka la kwanza, la pili, la tatu, akarudi na kipande cha nta ya nyuki kilichofungwa kwenye gazeti. Kwa kipande hicho alichekwa na ukoo mzima wa mkewe, hadi walio makambini na walio Ulaya walipigiwa simu. "Na leo nimekulipizia wewe," akaniambia, "na wewe hukunifanya kitu."

Kicheko hakiruhusiwi katika chumba cha mtihani. Mkuu wa wasahihishaji akaja, akashusha miwani ya kichwani, akapandisha ya machoni, akauliza kwa Kisomali kuna nini. Mzee hakijui Kisomali. Mkuu hajui Kiswahili. Kati yao anayejua vyote alikuwa mimi, mshtakiwa. Basi nikasimama nikamfasiria mkuu maneno ya mzee, na mzee maneno ya mkuu, na kote kuwili nikajitetea mimi mwenyewe. Kesi ya namna hiyo haijawahi kuwako tangu Nuhu. Naapa sikuongeza hata neno moja la kunipendelea, na si kwa uchamungu tu. Wa meza ya pili alikuwa akisikiliza Kisomali chote.

Mkuu hakucheka. Alichukua gego, akalitazama lilivyokonda. Akaniambia niiguse ncha ndefu, nikaigusa. Akaniuliza kama kabla ya kuambiwa chochote nilikuwa nimeiona kwamba ni ndefu. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema sikuiona. Akatikisa kichwa, na sikujua alikuwa anatikisia nini.

Kisha akanipa njia mbili. Kosa ni la lugha, akasema, halitaandikwa kuwa la mkono. Kwa hiyo, nikitaka, jaribio hili litafutwa kama halikuwako, na nitalifanya upya kwa Kisomali, wasahihishaji watakapokuja tena. Au niendelee na muda uliobaki. Muda hauongezwi hata kwa dakika moja, kwa sababu wengine kumi na mmoja hawakupata wa ziada. Gego litakalokuwa mezani saa ikilia ndilo litakaloingia kwenye taya na kupimwa.

Nikauliza muda uliobaki ni kiasi gani. Dakika thelathini na nne.

Mzee wa Mombasa alinishauri kwa sauti ya chini nichukue njia ya kwanza, maana alijiona ana hatia. Lakini watakapokuja tena ilikuwa lini? Nikamwambia mkuu naendelea, na nikasema kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kibajuni, lisije likatokea lingine.

Kupunguza nta ni kazi ya kisu. Kuirudisha ni kazi ya tone. Unapasha chuma kwenye taa, unagusa nta, chuma kinabeba tone moja, unaliweka, unangoja lishike, unaweka la pili. Tone likiwa baridi halishiki. Likiwa moto linayeyusha na la chini yake, na nyumba inaanguka. Na nilihitaji ukuta mzima. Nikafanya hesabu ya haraka nikaona matone hayatoshi, dakika zitaisha nikiwa kiunoni.

Basi nikaacha kudondosha, nikavuta. Kama hina. Nilijaza chuma, nikaanza kwenye pembe ya mbele nikavuta mstari mmoja mpaka nyuma bila kuinua mkono, nikalichovya gego kwenye barafu, nikavuta wa pili juu yake. Mwalimu wangu hakunifundisha hivyo, na nina hakika kitabu chochote cha meno kingenikemea. Mstari juu ya mstari, barafu, mstari, barafu. Jasho lilikuwa likinishuka usoni mpaka kidevuni, na sikuwa na mkono wa kulifuta. Wa meza ya pili alisema kwa sauti ya chini, akiwa anaangalia kazi yake mwenyewe, kwamba mkono wangu una pepo. Nikamjibu aombe asiondoke kwanza.

Dakika kumi kabla ya mwisho ukuta ulikuwa umesimama. Nikaukwangua kuupa kifua. Na dakika tatu zikiwa zimebaki nilikumbuka kwamba ile ncha, ile ncha yenyewe iliyoleta balaa lote, bado sijaigusa. Niliipunguza mikwaruzo miwili. Saa ikalia kisu kikiwa hewani.

Wakalipeleka gego kwenye taya za chuma, kile kifaa kinachofunguka na kufumba kama mdomo, wakaweka karatasi ya rangi katikati, wakafumba, wakagonga. Sikuruhusiwa kusogea. Nilisimama pale nikiwa nimeanikwa na vibanio vyangu, nikisikiliza tik, tik, tik, na kila tik ilinipunguza umri mwaka mmoja.

Matokeo yalisomwa siku iliyofuata baada ya adhuhuri, chumba kilekile. Mkuu alisoma kwa Kisomali, mmoja mmoja, bila kuinua macho. Wa meza ya pili alipita, akaanza kulia kwa sauti. Wengine wawili hawakupita, nao walitoka wima, na niliwaheshimu kuliko ninavyoweza kusema. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu ya Kiswahili changu.

Akasema ncha zimekaa sawa, zote tano zinagusa. Akasema mabonde mazuri. Akasema ukuta wa shavu umerudi, ila umerudi na kitambi, kwa haraka nimeujaza kupita ulivyokuwa, na kwa hilo alama zimekatwa, si kidogo. Kisha akageuza karatasi, na karatasi ile ilikuwa nzito kama mlango wa msikiti.

Akasema nimepita.

Nilimsikia vizuri kabisa. Kisomali nakijua. Lakini baada ya yale ya jana sikuwa tena na imani na masikio yangu, nikamgeukia mzee, nikamwomba aseme yeye kwa Kiswahili. Akasema nimefaulu. Nikamwomba aseme anavyosema mkewe. Mzee akainua mikono, akasema hapo hathubutu, hana nauli ya kesi nyingine. Ndipo mkuu alipotabasamu, kidogo, kama anayetoa sadaka ya mwisho iliyomo mfukoni.

Akanisogezea daftari nitie sahihi, ifanane na ile niliyoitia kwenye fomu, la sivyo cheti hakitolewi. Nikashika kalamu. Na mkono huu, ambao haukutetemeka kwenye arusi za mtaa mzima, wala jana katika zile dakika thelathini na nne, ukaanza kuruka juu ya karatasi kama samaki ndani ya mtumbwi. Sahihi ya kwanza haikufanana hata na maandishi. Mkuu akaikata kwa rula. Ya pili ilianza vizuri ikatoka nje ya mstari. Akaikata. Ya tatu nilimwomba wa meza ya pili anishike kiwiko, lakini yeye naye alikuwa bado analia, tukatetemeka wawili. Mkuu akaikata nayo, akafunga kalamu yake, akavuta kiti, akaniambia kwa Kisomali, akiniita ndugu, "Kaa, walaal. Kunywa maji. Cheti hakikimbii."

Nikakaa. Nikanywa maji yote ya jagi.